Mama Fulani, Jina Lako Nani?

Mgeni akiingia mtaani kwenu akaulizia nyumba ya Rehema binti Yohana, huenda akazunguka mpaka jua litue asiipate. Muuza duka atatikisa kichwa. Watoto wanaocheza mpira wa makaratasi watatazamana. Lakini akisema, "Namtafuta Mama Neema," atapelekwa mpaka mlangoni, tena watoto watatangulia mbele wakikimbia. Hata jirani aliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi, wakaazimana chumvi na kukesha pamoja misibani, pengine hajui kwamba Mama Neema ana jina lake mwenyewe.

Akina mama wenzangu, jambo hili tumelizoea mno hata hatulioni tena. Hebu mwezi huu tulitazame pamoja. Lugha yetu inamwitaje mwanamke, na inamwitaje mwanamume? Je, jinsi tunavyoitwa inagusa jinsi tunavyojiona? Na mama akishika kalamu akaandika, je, huandika kama yeye mwenyewe, au kama mama wa fulani?

Maswali haya si ya maprofesa wa Chuo Kikuu peke yao. Yanaingia jikoni, yanaingia katika malezi ya watoto, na siku ya msiba au ya ugomvi wa kiwanja yanaingia hata mahakamani.

"Yeye" ni wetu sote, lakini "kuoa" si kwa wote

Tuanze kwa kukisifu Kiswahili. Mwingereza akitaja habari za mtu, kwa kawaida ana neno moja la mwanamume na jingine la mwanamke. Mfaransa na Mwarabu huenda mbali zaidi. Kwao hata vitu visivyo na uhai huwekwa upande wa kike au wa kiume: meza ya Mfaransa ni ya kike, na jua la Mwarabu ni la kike pia. Sisi tunasema tu "amekuja", na msikilizaji hajui kama aliyekuja ni baba au mama. Mwalimu ni mwalimu, mkulima ni mkulima, rafiki ni rafiki. "Yeye" wetu hana sketi wala suruali.

Lakini tega sikio vizuri zaidi. Mwanamume anaoa; mwanamke anaolewa. Walimu wa sarufi wanatufundisha kwamba la kwanza ni kauli ya kutenda, na la pili ni kauli ya kutendwa, sawa na kupika na kupikwa, kubeba na kubebwa. Dada akisema "nimeoa", hata kama ndiye aliyelipia ukumbi na chakula chote cha harusi, watu watacheka wakidhani ameteleza ulimi. Hata hivyo lugha hiyohiyo ina njia ya tatu ambayo ni nzuri sana, nayo ni kuoana. Hapo hakuna mtenda wala mtendwa, wote wawili wanafanya jambo moja. Ni neno linalofaa kusikika zaidi katika nyumba zetu.

Tusikilize pia tunavyosema na watoto. Mvulana akianguka na kulia tunamwambia, "Jikaze kiume." Akiendelea kulia tunamwambia, "Unalia kama msichana!" Msichana hodari, anayepanda mti na kujibu hoja, tunamwita jike dume, kana kwamba uhodari ni nguo aliyoiazima kwa kaka yake. Na gazetini tunasoma habari za "daktari wa kike" na "mwandishi wa kike", ila ni nadra kukuta "mwandishi wa kiume". Kwa hiyo maneno yanayoonekana hayabagui, sisi wasemaji tumeyapa jinsia kimyakimya.

Na makanisani je? Mke wa mchungaji tunamwita "Mama Mchungaji". Lakini tangu miaka ya 1990 yapo makanisa hapa kwetu yanayowabariki wanawake kuwa wachungaji, nao pia waumini huwaita "Mama Mchungaji". Basi ukisikia Mama Mchungaji anakuja, hujui kama anakuja mhubiri au mke wa mhubiri. Mume wa mchungaji mwanamke ndiye anayepata taabu zaidi. "Baba Mchungaji" tayari ni mchungaji mwenyewe, na lugha haijapata neno la kumwita mume huyu. Mambo haya yanachekesha kidogo, lakini yanaonyesha kwamba lugha ilishonwa kwa vipimo vya maisha ya zamani, na maisha yakinenepa mahali fulani, nguo hubana.

Bibi arusi na maneno ya mwiko

Ziko jamii ambazo ndoa ilimbadilishia mwanamke hata msamiati. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, desturi ya zamani iitwayo ingamwana ilimtaka mke amwepuke baba mkwe wake. Asikutane naye njiani, asitazamane naye, wala asilitamke jina lake. Tena haikuwa jina tu. Hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina hilo kwa sauti aliyaepuka, akatafuta mengine. Chukua mfano katika Kiswahili: kama baba mkwe angeitwa Majaliwa, mke asingethubutu kusema "maji". Angelazimika kutafuta neno lingine la kitu anachokichota kila asubuhi.

Kusini mwa Afrika, Waxhosa na Wazulu wana desturi ya namna hiyo wanayoiita hlonipha, yaani kuheshimu. Lugha zao zina sauti za kupiga vidoko kwa ulimi, ambazo zilitoka kwa majirani zao Wakhoikhoi na Wasani. Wapo wataalamu wa lugha wanaoamini kwamba njia mojawapo iliyoziingiza sauti hizo ni akina mama hao, waliokuwa wakibadilisha matamshi ya maneno ili wasiyataje majina ya wakwe.

Unaona, mpenzi msomaji? Bibi arusi aliwekewa mwiko mdomoni, naye kwa kutafuta njia ya kusema akaacha alama katika lugha ya watu wote, wanaume wakiwemo. Mwanamke si msemaji tu wa lugha aliyoikuta. Yeye pia ni fundi wake.

Heshima na uchungu wa jina la Mama

Turudi kwa Mama Neema. Kwanza tuseme kweli: kuitwa Mama Fulani ni heshima. Kwetu mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina lake kavu. Jina la mama humwambia kila mtu kwamba huyu amebeba mimba, amekesha na homa za watoto, amekuwa mtu wa kutegemewa. Wengi wetu siku tuliyoitwa hivyo mara ya kwanza tulitembea tukijiona warefu. Wala si sisi tu, kwani na mume huitwa Baba Neema. Tofauti ni kwamba baba akitoka nyumbani hurudia jina lake. Kazini ni Mwalimu Mushi, kwenye kikao cha ukoo ni Mushi, kwenye hati ya kiwanja ni Mushi. Mama huitwa Mama Neema nyumbani, sokoni, kwenye kikundi, hata kwenye tangazo la msiba wake mwenyewe.

Jina hili pia lina miiba yake. Fikiri juu ya dada aliyeolewa miaka minane na Mungu hajamjalia mtoto. Kila anapojitambulisha ugenini huulizwa, "Mama nani?" Anayeuliza hana nia mbaya, lakini swali hilo humchoma kila siku. Fikiri pia juu ya mama aliyefiwa na mtoto wake wa kwanza. Wako wanaopenda kuendelea kuitwa kwa jina la marehemu kwa sababu linamweka hai mioyoni mwa watu, na wako ambao kila wakiitwa, jeraha hufumuka. Ni vema kumwuliza mwenyewe kwa upole, "Ungependa tukuiteje?"

Na jina la mume je? Wengine wetu tumedhani kwamba mke kuandikwa kwa jina la ukoo wa mume ni desturi iliyokuwapo tangu mababu. La. Desturi hiyo ilitujia zaidi pamoja na shule, makanisa na ofisi za Wazungu. Katika pwani ya Waswahili mwanamke aliolewa akabaki binti wa baba yake. Ndiyo maana mpaka leo tunawataja Mwana Kupona binti Mshamu na Siti binti Saad, wala si kwa majina ya waume zao.

Huyo Siti ana fundisho lake. Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya kimaskini iliyotokana na watumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti alizunguka akiuza vyungu. Baadaye alihamia mjini akawa mwimbaji wa taarabu, na watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na santuri zake zikasikika pwani nzima. Alipofariki mwaka 1950 hakuna aliyemkumbuka kwa jina la Mtumwa, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Jina la kwanza lilisema jinsi dunia ilivyomwona. La pili lilisema kazi yake.

Mama aliyeagiza wino

Basi tuje kwenye kalamu. Wako wanaosema kwamba kuandika ni kazi ya wanaume, na kwamba bibi zetu walijua kusimulia hadithi tu. Hilo si kweli kabisa.

Katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, aliishi Mwana Kupona binti Mshamu. Neno "Mwana" hapo si mtoto, bali ni jina la heshima walilopewa mabibi wa huko. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Unguja, naye alifariki mwaka 1856. Yapata mwaka 1858 mjane huyu alikuwa mgonjwa, ugonjwa wa muda mrefu. Alikuwa na binti anayeitwa Mwana Hashima. Mama akaona kwamba huenda hatakuwapo kumfunda mwanawe katika mambo ya dini, ndoa na kuishi na watu. Ndipo akamtungia utenzi wa beti mia na mbili, na karibu na mwanzo wake anamwita binti aketi karibu naye, aje na wino na karatasi.

Tulitafakari jambo hilo. Mama hamwiti karani. Hamwiti kaka wala mjomba. Anamwita binti yake aje na wino, maana yake kalamu ilikuwa kitu kinachojulikana katika nyumba ya wanawake wale. Miaka kama miwili baadaye Mwana Kupona alifariki, lakini utenzi uliendelea kunakiliwa kwa herufi za Kiarabu na kukaririwa na akina mama wa Lamu na Mombasa, mpaka ukachapishwa kwa kitabu mwaka 1934. Wasomaji wa leo hubishana juu ya mawaidha yake kuhusu utii wa mke, na ni haki yao kubishana. Ila wote wanabishana na sauti ya mama mmoja mgonjwa, zaidi ya miaka mia na sitini tangu anyamaze.

Kumbuka pia kwamba miaka ileile huko Uingereza waandishi wanawake walijificha nyuma ya majina ya kubuni. Charlotte Brontë alipotoa kitabu chake Jane Eyre mwaka 1847 aliandika jina Currer Bell, na Mary Ann Evans alijulikana kwa wasomaji kama George Eliot. Utenzi wa kwetu haukuhitaji jina la mwanamume. Unaitwa Utenzi wa Mwana Kupona mpaka leo.

Mfupa wa ngamia

Si kila mahali mlango ulikuwa wazi hivyo. Katika jumba la Sultani Said huko Unguja alizaliwa binti mwaka 1844, jina lake Salme. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alitamani kujua. Kwa siri alichukua mfupa mpana wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia kama kibao, akaanza kuiga herufi za Kurani moja baada ya nyingine mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana alilaumiwa, lakini elimu ilikuwa imekwisha kuingia.

Elimu hiyo ilimletea matatizo na faida pia. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, Salme akiwa msichana bado ndiye aliyewaandikia wale waasi barua zao, kwa kuwa alijua kuandika. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na mwaka uliofuata huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Walihamia Hamburg. Mwaka 1870 mume alifariki kwa ajali ya tramu, na mama huyu akabaki na watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi, lugha ya watu, bila ndugu.

Alifanya nini? Alianza kuwaandikia watoto wake habari za nyumbani alikozaliwa, ili wajue mama yao ni nani. Maandishi hayo yalitoka kwa kitabu mwaka 1886, na mpaka leo mtu anayetaka kujua maisha ya wanawake wa Unguja ya karne ile lazima ayasome.

Akina mama, mnaona wanachofanana hao wawili? Wote walikuwa wajane. Wote waliandika wakiwafikiria watoto wao. Kuwa mama hakukuwanyang'anya kalamu. Kuwa mama ndiko kulikowapa sababu ya kuishika.

Mama yake Lemueli

Wako akina mama ambao maneno yao yalifika kwetu kwa mkono wa mwingine. Fungua sura ya mwisho ya kitabu cha Mithali. Sifa za mke mwema, ambazo zimesomwa katika arusi nyingi, zinafuata maneno ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Mama huyo aliitwa nani? Hatuambiwi. Tunamjua kama tunavyomjua Mama Neema, kwa jina la mwanawe. Mafundisho yamebaki, jina limepotea.

Tazama pia Injili ya Luka sura ya kwanza. Elisabeti alisema wazi kwamba mtoto wake ataitwa Yohana. Majirani na jamaa hawakuridhika, wakamwashiria baba, ambaye wakati ule alikuwa bubu. Zakaria akaomba kibao, akaandika jina lilelile ambalo mama alikwisha kulisema. Wakastaajabu wote. Neno la mama lilikuwa kweli tangu mwanzo, ila watu walingoja waone maandishi.

Bibi zetu wa pwani walilijua hilo, wakatafuta kibao chao. Kibao hicho ni kanga. Maneno yaliyochapwa kwenye kanga tunayaita "jina" la kanga, na zamani yalichapwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja hizi za sasa. Wafanyabiashara waliozileta walikuwa wanaume, kama yule wa Mombasa ambaye duka lake lililoanza mwaka 1887 lilijulikana kwa Mali ya Abdulla. Lakini anayesimama dukani akapindua doti moja moja akisoma majina ni mwanamke. Akikasirishwa na jirani hamjibu kwa mdomo, hujifunga jibu akapita barabarani. Akimshukuru mzazi wake humpelekea "Nani kama mama". Mwanamke asiyepewa nafasi ya kusema barazani amesema kwa kiuno na mabega yake, na kila mtu amesoma.

Jina kwenye karatasi

Hata hivyo, wenzangu, kanga haipokelewi benki. Hapa ndipo suala la jina linapoacha kuwa mazungumzo ya jioni na kuwa suala la mkate wa watoto.

Vyeti vyako vya shule vina jina la baba yako. Kitambulisho chako kina jina la mume. Kadi ya kliniki imeandikwa Mama Neema. Kitabu cha kikundi cha kuweka na kukopa kimeandikwa jina la ubatizo tu. Siku ya kudai mafao au mirathi, karani anaona watu wanne, na wewe unatafuta wakili wa kukuapisha kwamba wote wanne ni wewe. Hata wasomi hukutana na jambo hili. Mwandishi wetu wa tamthilia aliyetupa Nguzo Mama mwaka 1982 anajulikana kwa jina la Penina Muhando, na maandishi yake ya kitaaluma ya baadaye yana jina la Mlama. Mwanafunzi asiyejua huweza kudhani ni watu wawili.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Kuchukua ni hiari yako na makubaliano yenu. Sheria hiyo inasema pia kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vingine, na iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa wana haki sawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Wenzetu wa Kenya nao, kwa sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, wamehesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango.

Haki ipo, lakini haki hutafuta jina. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wakumbuke mama zetu wa miaka ya 1970 waliotoka shambani wamechoka wakaenda kwenye madarasa ya kisomo chenye manufaa. Wengi wao hawakutaka vyeti. Walitaka siku moja, mbele ya karani, wasitie dole gumba bali waandike majina yao.

Mambo matano ya kufanya

1. Andika majina ya akina mama wa ukoo wenu. Chukua daftari, andika jina lako kamili, la mama yako, la mama yake, na la mama wa mume wako. Katika koo nyingi majina ya mababu hukumbukwa vizazi saba, na ya mabibi hayavuki viwili. Kama mama yako yu hai, mwulize wiki hii.

2. Kagua karatasi zako. Vitambulisho, vyeti, akaunti, bima na hati viwe na jina moja, au uwe na kiapo kinachoyaunganisha. Zungumza na mumeo kwa utulivu juu ya kuandika majina yenu wote wawili kwenye hati ya nyumba au shamba. Usilete jambo hilo siku ya ugomvi. Lilete siku ya amani, kama mpango wa kuwalinda watoto.

3. Chunga maneno ya malezi. Usimfundishe mvulana kwamba machozi ni ya kike, wala msichana kwamba ushujaa ni wa kiume. Mwambie wa kiume, "Jikaze, mwanangu," na wa kike mwambie vivyo hivyo. Maneno hayo hayatakugharimu kitu.

4. Iteni majina katika vikundi vyenu. Mnapofungua mkutano, kila mama ajitambulishe kwa jina lake kwanza, ndipo aseme ni mama wa nani. Yule asiye na mtoto hatabaki ameinamisha kichwa.

5. Waandikie watoto wako. Si lazima ujue vina na mizani. Andika ulivyokutana na baba yao, njaa mliyoivuka, dawa ya kikohozi ya bibi yako, jambo ambalo ungependa binti yako alijue siku ya arusi yake. Lugha yetu ina neno moja, wasia, linalobeba mawaidha na urithi kwa pamoja. Mama asiye na shamba wala nyumba anao bado wasia wa kuacha.

Huna nafasi? Andika mistari mitano wakati maharage yanachemka. Mwandiko wako ni mbaya? Watoto wako ndio watakaoupenda zaidi, kwa sababu hakuna mwingine duniani unaofanana nao. Hujui kuandika vizuri? Fanya kama Mwana Kupona: mwite binti yako, au mwana wako wa kiume, mwambie aje na kalamu aketi karibu nawe.

Na kabla ya kulala leo, mwulize mtoto wako swali moja: "Bibi yako, mama yangu mimi, jina lake kamili ni nani?" Akishindwa kujibu, usimkemee. Mpe kalamu, umtajie herufi moja moja, naye aandike.